Jinsi Nilivyomuoza Binti wa Sabuni Kila Jumamosi

Nyinyi vijana mnaochukua filamu za watu, mkazitia kwenye simu na kuzisemea kwa sauti zenu, mnanifurahisha na kuniudhi kwa kiasi kilekile. Juzi msichana mmoja wa hapa mtaani alinionyesha yake. Sauti anayo, sikatai. Lakini alikuwa amejifungia chumbani peke yake, akikosea anafuta, anaanza upya. Nikamwambia, mama, hiyo si kazi, hiyo ni likizo. Kazi ni kukosea mbele ya watu sitini waliokwisha kulipa kiingilio, na wa benchi la mbele wako karibu kiasi cha kukupiga na ganda la ndizi bila hata kuinuka.

Mimi nilikuwa mtafsiri wa filamu. Nilikaa kwenye kiti cha mbao kando ya skrini, maikrofoni mkononi, katika ukumbi wa video wa mabati pale Kaptembwo, Nakuru, nikiwaeleza watu kwa Kiswahili mambo waliyokuwa wakisema Wachina, Wahindi na Wazungu. Kichina sikukijua. Kihindi sikukijua. Kiingereza nilikijua kama ninavyomjua jirani wa nyumba ya sita: tunasalimiana tu.

Msicheke. Kazi haikuwa lugha. Aliyenifunza, mzee mmoja wa Bondeni tuliyemwita Jogoo, Mungu amrehemu, hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji, na watu walikuwa wakitoka mbali kuja kumsikiliza. Siku ya kwanza aliniketisha chini akaniambia, "Kijana, mpe kila mtu jina dakika ya kwanza. Yule mwenye ndevu mwite Ndevu. Yule mwenye farasi mwite Farasi. Watu wakipoteza majina watakuuliza wewe, na wewe hujui."

Pia alinifunza kucheka. Ukikosa kabisa kuelewa kilichosemwa, cheka wewe kwanza, kwa nguvu. Watu watadhani kulikuwa na utani, nao watacheka, na wakimaliza filamu itakuwa imeshafika mbele. Kunywa maji ya moto yenye tangawizi, bila sukari. Na usile maharagwe siku ya kazi, maana maikrofoni haina urafiki. Hilo la mwisho nililidharau mara moja, na kuna watu wazima na akili zao Kaptembwo ambao mpaka leo wakiniona sokoni wanaziba pua.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kumuua staringi. Staringi, kwa nyinyi mliokuja juzi, ni yule mtu wa filamu ambaye hafi. Huyu alipigwa risasi, akaanguka mtoni, na mimi kwa huzuni nikawatangazia watu kwamba amekufa, nikamwombea hata sala fupi. Kina mama wawili walitoa leso. Baada ya dakika tano jamaa akatoka majini akiwa mzima, shati likiwa limefungwa vifungo vyote. Nikasema, "Huyu ni pacha wake, ametoka Nairobi." Nikamweka pacha huyo mpaka mwisho wa filamu, na nilitoka jasho kuliko yeye.

Basi ukishaweza kumleta pacha kutoka Nairobi, unaanza kudhani unaweza kufanya lolote. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia, na ndio ninaotaka kuwasimulia.

Mwenye ukumbi alikuwa akinunua diski kwa katoni, bila kuzifungua. Siku moja tukaweka diski yenye picha ya mtu anayepiga teke juu ya pikipiki. Ukumbi umejaa vijana wa mjengo, mikono ina saruji, wanataka mateke. Skrini ikawaka. Hakuna rangi. Hakuna pikipiki. Kuna mwanamke mwenye kofia anashuka ngazi ndani ya nyumba kubwa, na piano inalia. Filamu ya zamani, ya nyeusi na nyeupe, mwanzo wake umekatwa, hata jina halikuonekana.

"Mzee, hii ni nini? Ni matanga?" mmoja akauliza.

Nilijua nikinyamaza nimekwisha. Nikashika maikrofoni nikaanza kuitangaza ile filamu kama mechi ya mpira. Yule mwanamke nikamwita Binti wa Sabuni, kwa sababu babake, Mzee Sabuni, alionekana akipita katikati ya kiwanda chenye mapovu. Kulikuwa na mchumba wake, bwana mwenye masharubu membamba na saa ya mnyororo. Huyo nikamwita Meneja. Halafu kukawa na kijana aliyekuja kurekebisha ile piano kabla ya harusi, suruali imechanika goti, anapiga mluzi. Huyo nikamwita Fundi. Meneja ana kila kitu, na kila akifungua mdomo ni kumwambia Binti aketi. Fundi hana kitu, na kila Binti akiongea, anaacha bisibisi anasikiliza. Basi hiyo ndiyo filamu yote. Unaona taabu inavyokuja.

Vijana wa mjengo walikataa kutoka. Jumamosi iliyofuata walirudi na dada zao. Jumamosi ya tatu nikaona kina mama wa kanisa wamejifunga leso kichwani, wamebeba na watoto. Sasa kukawa na shida moja tu: diski ilikuwa na mkwaruzo. Binti anafika juu ya ngazi amevaa shela, Meneja amesimama chini upande wa kulia wa mlango, Fundi upande wa kushoto na sanduku lake la vyuma, Binti anafungua mdomo, na picha inaganda. Hapo hapo. Ukiitoa ukairudisha, inaganda hapo hapo.

Kwa hiyo mwisho ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyejua, kila Jumamosi saa kumi jioni, Binti wa Sabuni ameolewa na nani.

Na kila Jumamosi nilimuoza kwa Meneja.

Watu walilia, walipiga mabenchi. "Mzee una roho mbaya! Mpe Fundi hata mara moja!" Nilikataa. Niliwaeleza kwamba mapenzi ni mazuri lakini hayalipi karo, kwamba Fundi angemlisha Binti mluzi, kwamba Meneja ni mtu mtaratibu na nyumba yake ina maji ya mfereji. Nilihubiri mpaka nikatokwa na jasho. Watu walidhani ni ufundi wa kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikihutubia mtu mmoja tu, naye hakuwa hata ndani ya ukumbi.

Binti yangu Njeri alikuwa na cherehani yake barazani, upande wa pili wa mabati. Alishona sare za shule. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na kila neno langu lilimfikia. Wakati huo kulikuwa na bwana mmoja aliyeitwa Gitau, mkulima wa viazi kule Kabazi, mwenye malori matatu, aliyekuwa ameniambia waziwazi kwamba anamtaka. Sitamsema vibaya. Alikuwa na adabu, alivua kofia akiingia. Kila Ijumaa alituletea gunia la viazi. Tulikula viazi vya kuchemsha, vya kukaanga, vya mukimo, vya supu, mpaka mama yake Njeri akasema siku moja atamkuta mumewe ameota majani kwapani.

Ila Gitau alimwongelea Njeri kama mtu anayeongelea lori la nne. "Akija kwangu hatashika cherehani tena, mzee," alinihakikishia. "Atakaa tu."

Mimi nikaona hayo ni maneno matamu kuliko asali. Nikampelekea Njeri.

"Nikae nikifanya nini, Baba?"

"Ukae! Upumzike! Watu wanatafuta kupumzika, wewe unauliza?"

"Mimi sijachoka."

Mama yake alikuwa jikoni akimenya viazi, na kisu kikasimama. Nikajua nimeshindwa mara mbili kwa sentensi moja.

Lakini nilikuwa mbishi. Nilimsumbua msichana asubuhi, nikamsumbua jioni. Wazee wa Gitau walikuwa wanataka kuja nyumbani kubisha hodi, kama desturi yetu ilivyo, na mara tu wangekunywa chai na kutaja lililowaleta, kurudi nyuma kungekuwa aibu. Niliogopa uzee, nataka mjue hilo. Ukumbi ulikuwa unapungua watu, kila nyumba ilikuwa imeanza kununua televisheni, na sikuwa na lolote la kumwachia mtoto wangu ila kiti cha mbao. Nilitaka alale mahali ambapo mvua haiingii. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yote ya baba.

Siku moja, nimemfuata mpaka kwenye cherehani, aling'ata uzi akaniambia, "Sawa, Baba. Siku nitaona mwisho wa ukweli wa hiyo filamu yako, si ule wa mdomo, nitakujibu. Kama ni Meneja, lete wazee. Lakini mpaka siku hiyo, usiniambie tena jina la Gitau."

Alijua diski imekufa. Ilikuwa njia yake ya kuninyamazisha mpaka Yesu arudi.

Nilimpelekea Gitau habari. Yule bwana akafurahi kama ameshinda zabuni, maana mtu mwenye malori hawezi kuamini kwamba kuna filamu ambayo mwenye mali anashindwa. Alizunguka Nakuru nzima akitafuta diski nyingine, akatuma mpaka Nairobi. Lakini unaulizaje filamu usiyoijua jina? "Nataka ile ya mwanamke wa sabuni." Walimuuzia filamu za mafunzo ya kutengeneza sabuni, mbili.

Basi nikaamua kuipeleka kwa fundi. Jirani yetu Barasa alikuwa na kibanda cha kurekebisha redio, kijana mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilikuwa nimempenda kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa anakuja nyumbani kuangalia redio yetu bila malipo, karibu kila wiki. Mama Njeri aliwahi kuniuliza kama sioni ajabu, redio isiyo na ubovu kurekebishwa kila wiki. Nikamwambia hiyo inaitwa huduma.

Sasa hapa mnisikilize, hata kama diski hamzijui. Barasa aliosha diski kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akaikausha kwa kitambaa cha pamba. Halafu akaweka dawa ya meno, ile nyeupe, si ile ya jeli, akasugua polepole kutoka katikati kwenda ukingoni. Kamwe usizungushe. Ukizungusha unaua. Akaosha, akatazama kwenye jua, akarudia. Alifanya hivyo siku tatu, na siku ya tatu akaniletea akiwa ameishika kama mtu aliyebeba yai.

"Mzee, nadhani itapita."

"Umeangalia mwisho?"

"Hapana." Akatazama viatu vyake. "Sikutaka kujua kabla yake."

Nikauliza kabla ya nani. Akaaga akaenda. Ndipo mke wangu akaniangalia kwa huruma ambayo huwa anawapa watu waliogongwa.

Hebu fikirini. Nilikuwa nimempa diski ya Binti wa Sabuni fundi wa Kaptembwo, ili aisugue kwa mikono yake, nimuoze binti yangu kwa tajiri wa Kabazi. Mtu mwenye akili angeirusha diski ile shimoni. Mimi nikabandika tangazo mlangoni: LEO MWISHO WA KWELI.

Ukumbi ulifurika. Gitau alikaa benchi la mbele na wajomba zake wawili, kofia magotini, tayari kuondoka pale na jibu. Barasa alisimama nyuma karibu na mashine, kwa sababu kama diski ingekwama ni yeye angeitwa. Mama Njeri alikuwa mlangoni na beseni la mandazi. Na Njeri, ambaye hakuwahi kuingia mle ndani, aliacha cherehani akaja akakaa kwenye kreti ya soda, karibu kabisa na kiti changu.

Nilitafsiri vizuri siku hiyo, nisijisifu. Nilimpamba Meneja. Hata masharubu nikayasifu. Tukafika kwenye ngazi. Binti juu na shela lake, huyu kulia, yule kushoto. Akafungua mdomo. Watu wote wakashika pumzi, wakisubiri picha igande.

Haikuganda.

Binti alisema kitu kifupi, akaanza kushuka. Akaelekea kulia. "Mnaona!" nikapiga kelele. "Anaenda kwa Meneja wake!" Gitau akakaa wima. Binti akampita Meneja.

"Anapita kwanza," nikasema. "Anaenda... anaenda kuchukua keki."

Binti akampita na Fundi pia. Hakuangalia hata mmoja. Akatoka nje, shela linafagia changarawe, akafungua gari la babake, akaketi kwenye usukani.

"Keki iko mbali," nikasema.

"Mzee, wacha uongo!" mtu akapaza sauti.

Akawasha. Gari likaenda mpaka langoni, likasimama. Kisha likarudi nyuma, polepole, mpaka mbele ya mlango.

"Amesahau mkoba," nikawaeleza.

Akafungua mlango wa abiria. Akamwita Fundi kwa kidole. Fundi akaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine, halafu akaingia na sanduku lake la vyuma.

"Anampa lifti! Mpaka stage ya matatu tu! Mtu wa watu huyu!"

Ganda la kwanza la ndizi likanipata shingoni. Na pale kwenye skrini, Binti wa Sabuni akamshika Fundi shati akambusu. Busu refu. Kule zamani Jogoo alikuwa akiziba busu kwa kipande cha kadibodi, lakini kadibodi yangu nilikuwa nimeikalia.

"Kitu kimemwingia kwa jicho!" nikapiga kelele. "Anampuliza! Jamani, anampuliza jicho!"

Sijawahi kuona watu wakicheka namna ile. Mjomba mmoja wa Gitau alikuwa anajifuta machozi na kofia. Nikamgeukia Njeri. Alikuwa anacheka pia, amejishika tumbo, na machozi yanamtoka, na nikaona kwamba si yote yalikuwa ya kicheko. Alinyoosha mkono.

"Baba, umechoka. Lete."

Nikampa maikrofoni.

"Si jicho," Njeri akawaambia watu, taratibu. "Anampenda. Lakini gari ameamua kuendesha yeye mwenyewe."

Ukumbi ukalipuka. Akangoja watulie, akageukia benchi la mbele. "Gitau, hukunikosea kitu. Lakini nisingekaa. Samahani." Gitau akaitikia kwa kichwa, kama mwanamume, na hakuondoka, akabaki kuangalia mwisho. Barasa kule nyuma alikuwa amevua miwani, ameshika mashine kana kwamba itaruka.

Mimi nilibaki pale kwenye kiti, sina maikrofoni. Nilisikia aibu, kisha nikasikia woga. Alikuwa anaondoka. Awe anaenda na Barasa au peke yake, mbali au hapo barazani, alikuwa ameshaondoka mikononi mwangu, na mimi kwaheri yangu ilikuwa imeishia kwenye keki na mkoba.

Filamu bado haikuwa imekwisha. Gari lilitoka langoni, na hapo Mzee Sabuni akatokea mlangoni mwa ile nyumba kubwa, amevaa soksi bila viatu, mikono hewani, mdomo wazi. Njeri akaniwekea maikrofoni mapajani.

"Huyo mzee ni wako, Baba. Anasema nini?"

Na Mzee Sabuni akapiga kelele, kwa Kiingereza chepesi cha darasa la kwanza, sauti safi bila mkwaruzo wowote: "My car! My car!"

Kila mtu mle ndani alielewa. Niliinua maikrofoni. Nilimwangalia binti yangu, uzi mweupe umemnasa kwenye nywele.

"Anasema," nikaanza, nikaishusha maikrofoni. Nikajaribu tena. "Anasema, nenda, mwanangu. Nenda salama. Na siku ukichoka, kwenu ni hapa."

Kijana mmoja wa mjengo, benchi la pili, akainua mkono. "Lakini mzee, huyo amesema gari..."

"Nyamaza, wewe!" akafoka Mama Njeri kutoka mlangoni, beseni kichwani, mashavu yamelowa. "Leo ametafsiri sawasawa."